Kilo Kumi za Kuchoma

Ukitaka kumwona Githinji kwenye albamu ya familia yake, tafuta moshi.

Siku Tabby, bintiye wa kwanza, alipobatizwa, kuna picha ya mchungaji, mama, mtoto na nyanya wawili walionuna kana kwamba wameuziwa kitu kibovu. Kule nyuma, juu ya ua wa mabati, kuna wingu dogo la kijivu. Hilo ndilo baba mtoto. Siku Tabby alipofuzu chuo, picha ziko arobaini na mbili. Katika arobaini na moja Githinji hayumo kabisa. Katika ile iliyobaki kuna mkono umeingia kutoka kando, umeshika koleo, na kwenye koleo kuna ubavu wa mbuzi.

"Huo mkono ni wa baba," Tabby huwaambia watu, kwa sauti ya mtu anayeonyesha kaburi.

Si kwamba Githinji ni mtoro. Githinji ni mchomaji. Mwaka huu anafikisha miaka ishirini na sita nyuma ya jiko la bucha moja pale Kimbo, Ruiru, hatua chache kutoka steji. Kabla ya hapo alikuwa kwenye kiwanda cha nguo Thika, kikafungwa, akatoka na vitu viwili: barua ya asante na kikohozi. Akaja Ruiru kutafuta kibarua chochote. Siku ya kwanza pale bucha, mchomaji wa wakati huo alimwambia, "Nishikie moto kidogo, naenda msalani." Yule mchomaji hajarudi mpaka leo.

Githinji akaushika moto, na moto ukamshika. Nyama anaigeuza kwa vidole, koleo ni la kusalimia wateja na kuwapokeza vipande. Alipoenda kubadilisha kitambulisho, mashine ya alama za vidole ilimkataa mara nne. Karani akamuuliza, "Mzee, hizi alama umeziacha wapi?" Akajibu, "Kwa mbavu za mbuzi."

Ugonjwa wake ni mmoja tu. Hawezi kuona moto wa mtu mwingine akanyamaza. Mwalike harusini, mwalike matangani, mwalike hata kwenye mkutano wa chama cha akina mama. Atakaa dakika kumi, pua itaanza kucheza, kisha atainuka akisema, "Naangalia tu." Hayo ndiyo maneno yake. Naangalia tu. Dakika tano baadaye koti liko kwenye msumari, mikono ya shati imekunjwa, na yule mchomaji aliyelipwa amepewa kazi ya kukata vitunguu. Siku ya kufuzu kwa Tabby aliangalia tu kuanzia saa tano asubuhi mpaka mpiga picha alipopanda pikipiki yake akaenda.

Kwa hivyo, watu wa Okello, mchumba wa Tabby, walipotuma habari kwamba wanakuja kutoka Kisumu kujulikana nyumbani kwa msichana, Tabby alimwekea babake kikao. Kilikuwa cha watu watatu, sebuleni kwao Mugutha, mamake, Idah, akiwa shahidi na sinia ya ndengu mapajani.

"Baba, hao watu wanakuja kuona baba yangu. Hawaji kuona mpishi."

"Na mpishi ni nani kama si baba yako?"

"Siku hiyo hapana. Siku hiyo unakaa kwa kiti. Umevaa koti, umevaa tai. Unakaa mpaka tule, mpaka tupigwe picha."

"Na nikitaka kwenda choo?"

"Utaenda saa mbili asubuhi."

Githinji akacheka. Tabby hakucheka. Alikuwa na simu mkononi, amefungua ile picha ya mkono.

"Nikizaa, watoto wataniuliza guka wao, baba yangu, alikuwa anaonekana aje. Niwaonyeshe hii? Niwaambie guka yenu alikuwa kidole na ubavu?"

Ndengu moja ikaanguka kwenye sinia na kila mtu akaisikia. Githinji, mtu anayeshika kaa la moto bila kusema lolote, aligeuza uso akaangalia kalenda ya duka la mbegu kama aliyeona mtu anayemjua.

"Sawa," akasema. "Nitakaa."

"Sema vizuri," Idah akasema bila kuinua macho. "Sema yote."

"Sitainuka kwa kiti mpaka picha ipigwe."

"Nimesikia," Idah akasema. Na Idah akisikia, imeandikwa.

Okello alipopata habari za kiapo hicho aliamua kusaidia, jambo ambalo ndilo lililoleta shida zote. Okello ni fundi wa friji hapo Ruiru, kijana wa heshima, mrefu, anayeomba radhi hata akigonga kichwa chake mwenyewe mlangoni. Aliwaza: kama baba mkwe hatachoma, basi asichome mtu yeyote. Ichome mashine. Alikuwa ameona kwenye simu kifua cha ng'ombe kimekunjwa, kimetungwa kwenye chuma, kinazunguka polepole juu ya makaa kama tajiri anayejigeuza kitandani. Akaenda Makongeni, Thika, kwa Boaz, fundi wa kuchomelea vyuma, akamwonyesha.

"Hiyo ni rotiseri," Boaz akasema. "Nimetengeneza nyingi." Hakuwa ametengeneza hata moja.

"Rozari?" Idah aliuliza alipoambiwa. "Okello, sisi si Wakatoliki."

Boaz alichukua nusu ya pipa, nondo iliyonyooka, betri ya gari, na mota ya waipa kutoka kwa Probox iliyokufa. Ijumaa akamwita Okello waijaribu. Akaunganisha waya, ile nondo ikaanza kucheza, wakapongezana. Hapo ndipo kosa la kwanza lilipopita bila kupigiwa honi. Nondo tupu haina uso wala kisogo. Ikizunguka mzunguko mzima au nusu, nani atajua?

Githinji alipoelezwa kwamba nyama yenyewe itakuwa brisketi, aliguna.

"Brisketi ni kifua," alimwambia Okello. "Na kifua ndicho kimebeba ng'ombe maisha yake yote. Hiyo ni nyama imefanya kazi. Ukiikimbiza inakasirika, unakula kandambili. Inataka moto wa mbali, saa nne, na mtu wa kuibembeleza."

"Itajizungusha yenyewe, baba."

"Kuzunguka ni kuzunguka. Kubembeleza ni kitu ingine."

Okello aliomba radhi, kisha akauliza watu wake walete nini. Tabby akasema mambo ya mbuzi wa mahari yana siku yake, hii ni siku ya kujuana tu. Walete sukari, mchele, na nyama ya ile mashine. "Waambie brisketi kilo kumi. Za kuchoma."

Okello akapiga simu Kisumu kwa shangazi yake, Wilkister, ndiye msimamizi wa mambo yote ya ukoo wao yanayohitaji sauti. Wilkister alikuwa kwenye kinu, anasagisha mahindi.

"Brisketi kilo kumi, za kuchoma!" Okello akapaza sauti.

"Nimesikia!" Wilkister akapaza yake. "Kilo kumi za kuchoma!"

*

Jumamosi saa tatu asubuhi Githinji alikuwa tayari kitini. Kilikuwa kile kiti kikubwa cha sofa cha mtu mmoja, cha rangi ya chai, kilichovishwa vitambaa alivyofuma Idah kwa mkono wake. Koti la kijivu. Tai ya kakake mkubwa, Njau, aliyefika mapema kutoka Makongeni akiwa na viatu vya kung'aa na hotuba tatu. Nje, chini ya dirisha, Boaz alikuwa amewasha makaa ya kawaida, na Githinji tayari alikuwa amesikia kwa masikio kwamba ni mabichi. Makaa makavu hayapigi kelele hivyo. Akashika mikono ya kiti.

Wageni walifika saa nne na robo. Mbele alikuwa Wilkister, mwanamke wa kimo, kitambaa cha kichwani kimesimama kama kinara. Nyuma yake Mzee Awiti, babake Okello, aliyeendesha trekta la miwa miaka thelathini na ambaye mpaka sasa hukaa amegeuza shingo kidogo, kana kwamba kuna trela nyuma. Akapewa kiti kando ya Githinji. Wakasalimiana, wakaulizana mvua.

Baada ya maombi na chai, Wilkister akasimama. Sukari ikatolewa. Mchele ukatolewa. Leso kwa mama ya msichana. Kisha akapiga makofi mara moja, na vijana wawili wakaingia na mizigo miwili, kila mmoja umefungwa leso mpya na utepe mwekundu.

"Na hii," Wilkister akasema, "ni ile mliitisha wenyewe. Mlisema kilo kumi. Sisi hatukuja na njaa. Tumeleta ishirini."

Akavuta utepe.

Zilikuwa briketi. Kilo ishirini za briketi, yale makaa ya kutengenezwa, vumbi la mkaa lililoshindiliwa likawa vitufe. Nyeusi, duara, zinang'aa, zimepangwa kwa upendo kama mayai. Ni herufi moja tu iliyopotea. Iliingia kwenye kinu cha Kisumu na ikasagwa pamoja na mahindi. Na ubaya wa Kiswahili ni kwamba zote mbili, nyama na makaa, ni za kuchoma.

Tabby akamwangalia Okello. Okello akaangalia dari.

"Ukweli tulishangaa kidogo," Wilkister akaendelea. "Kwetu mtu huleta ng'ombe. Lakini tukasema, wacha, kila watu na mila yao."

Hapo mtu mwenye akili angesema, mama, pole, kuna makosa kidogo. Lakini kwenye kiti cha msemaji alikuwa Njau, na Njau tangu azaliwe hajawahi kutamka neno "sijui". Aliwahi kumwelekeza mgeni kanisa ambalo halipo, na kwa kuwa yule mtu hakurudi kulalamika, Njau huhesabu kwamba alifika.

Akasimama. Akafunga kifungo cha koti.

"Hiyo ni mila ya zamani sana," akasema. "Tangu Mugutha ikiwa msitu."

"Ehe," wakasema wageni.

"Msichana akitoka kwao, nyumba inapoa. Si ndio? Basi wale wanaomchukua, wanarudisha moto. Ndio hii." Akaonyesha briketi kwa mkono mzima, kama anayetambulisha mbunge.

Wilkister akashika kifua. "Yawa! Ni maneno mazuri kabisa. Na kwa nini ziwe duara, Mwalimu?"

Njau hajawahi kuwa mwalimu, ila hakukataa cheo. Alifikiri kwa muda wa kumeza mate mara moja.

"Ni kwa sababu," akasema, "ndoa haina kona."

Wanawake wawili wakapanguza machozi. Idah akainama ndani ya kikombe chake na mabega yakaanza kutetemeka, na wageni wakadhani naye analia.

Githinji naye, kimawazo, alikuwa amefika mbele ya wote. Moto upo, zawadi ipo, mila sasa ipo. Nyama haipo. Watu ishirini na wawili, na saa tano inakaribia, na kifua kinataka saa nne. Akatoa simu taratibu, akaishika chini ya mkono wa kiti, akampigia Maluki, mwenzake pale bucha. Hakuinuka. Akanong'ona.

"Maluki. Nitolee kifua. Kilo kumi. Toa mfupa... ndio, wote. Usiguse mafuta ya juu. Mkunje vizuri, mfunge kamba kama mtoto, umlete na boda. Haraka, kabla watu hawajajua."

Alipokata simu alikuta Mzee Awiti amesogea inchi mbili upande wa pili.

"Mwenzangu," mzee akauliza polepole, "ni nani huyo anafungwa kamba?"

"Ng'ombe."

"Aah," Mzee Awiti akasema, akarudisha inchi moja.

*

Boda alifika, kifua kikapitia mlango wa jikoni, Boaz akakitunga kwenye nondo. Githinji aliona yote kupitia dirisha, kama mtu anayeona gari lake likiendeshwa na shemeji.

Harufu ya kwanza ilikuwa sawa. Chumvi, mafuta yakianza kulegea. Harufu ya pili ilikuwa na haraka. Akanyoosha shingo. Kile kifua kilikuwa kinageuka, kinageuka vizuri, kikafika nusu. Kikasimama. Kikarudi kilikotoka. Kikaja tena mpaka nusu. Kikarudi.

Kilikuwa kinapunga mkono.

Boaz alikuwa amechukua waipa pamoja na vile vyuma vyake vyote vya kuifanya ifute kioo, na sasa mashine ilikuwa inafanya kazi iliyoijua tangu utotoni: kushoto, kulia, kushoto, kulia, inafuta mvua. Upande mmoja wa nyama ulikuwa unaangalia moto uso kwa uso. Wa pili ulikuwa umepumzika unasoma gazeti.

"Okello," Githinji akaita kwa sauti ya chini. "Nenda umwambie Boaz hiyo kitu haizunguki."

Okello akaenda, akarudi. "Boaz anasema mashine inajua."

"Mwambie mafuta yanadondoka kwa moto. Aweke sufuria chini."

Akaenda, akarudi. "Boaz anasema hiyo ndio ladha."

"Ngai," Githinji akasema.

Njau alikuwa kwenye hotuba ya pili, amefika wakati wa babu yao. Harufu ya tatu ikaingia dirishani, na hiyo haikuhitaji pua ya miaka ishirini na sita. Ilikuwa ya kuungua. Miguu ya Githinji ikajipanga yenyewe. Mikono ikasukuma kiti. Midomo ikafunguka na yale maneno yakawa tayari yamekaa kwenye ulimi: naangalia...

Tabby alikuwa amesimama mlangoni na trei ya vikombe. Hakukunja uso. Alimwangalia tu babake, makalio yakiwa hewani, na usoni mwake hakukuwa na hasira. Kulikuwa na kuzoea. Kama mtu wa steji anayeona gari alilosubiri likipita limejaa.

Githinji akarudisha makalio chini, kidogo kidogo, kama anayeshusha mzigo wa mayai. Akafunga macho. Nyama ikaendelea kuungua. Jasho likamtoka hata kwenye masikio.

"Mwenzangu," Mzee Awiti akamwinamia, "umekalia siafu?"

Hapo Githinji akashindwa. Akamweleza yote kwa mnong'ono, picha za moshi, mkono, ndengu, kiapo. Njau alikuwa bado kwa babu. Mzee Awiti alisikiliza huku amegeuza shingo dirishani.

"Hiyo ni mota ya waipa," akasema. "Nimeiona tangu ianze. Nilidhani ni mila." Akakuna kidevu. "Hebu niambie. Uliapa maneno gani? Yenyewe, usiongeze."

"Nilisema, sitainuka kwa kiti mpaka picha ipigwe."

"Na ulisema kiti kitakuwa wapi?"

Githinji akafungua mdomo. Akaufunga. Akageuka akamwangalia mkewe upande wa pili wa sebule, aliye na rekodi zote. Idah alikuwa amesikia. Aliinua macho juu, akapitia kiapo chote neno kwa neno, kisha akatikisa kichwa: hapana, hakusema.

"Okello!" Mzee Awiti akaita kwa sauti ya trekta. "Wewe na wale vijana. Bebeni baba mkwe."

Njau alikatwa katikati ya babu. Vijana wanne wakashika kiti, wakahesabu, Githinji akapanda juu kama askofu. Mlango ukakataa. Wakamwinamisha kulia, mlango ukakataa. Wakamwinamisha kushoto, tai ikamfunika uso.

"Vitambaa vyangu!" Idah akapiga kelele.

"Kulia!" Njau akaamuru. "Si kulia yako, kulia yangu!"

"Baba!" Tabby akaja mbio na trei. "Baba, uliniahidi!"

"Sijainuka!" Githinji akajibu kutoka chini ya tai, amelala ubavu hewani, ameshika mikono ya kiti kwa nguvu zote. "Tabby, angalia mwenyewe! Sijainuka!"

Tabby akaangalia. Babake alikuwa amening'inia mlangoni, miguu inaelekea Thika na kichwa kinaelekea Nairobi, na ni kweli, makalio yalikuwa hayajaachana na kiti. Alijaribu kukasirika. Kicheko kikamshinda, vikombe vikaanza kugongana kwenye trei.

Wakamtua mbele ya pipa. Githinji akatupa tai begani, akakunja mikono ya koti.

"Hiyo kitu toa," akamwambia Boaz, akionyesha mota. "Hakuna mvua leo. Nipe spana."

Spana ikafungwa kwenye ncha ya nondo ikawa mpini. Sufuria ikawekwa chini ya mafuta. Akaagiza makaa yasukumwe kando zote mbili, katikati pabaki wazi. Lakini makaa ya Boaz, yaliyopiga kelele asubuhi yote, yalikuwa tayari ni majivu na majuto. Githinji akaangalia huku na huku.

"Leteni zawadi," akasema.

Briketi zikaja na leso zao. Akazipanga kwa mkono, moja moja, safu mbili. Zikashika bila kelele, bila mwali, moto mmoja wa chini, mtulivu, usiokimbia popote. Githinji aliuweka mkono juu yake, akahesabu kimoyomoyo, akatabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo. Kwa kifua, hata angeulizwa mwenyewe, asingechagua moto mwingine.

Sasa, wageni hawawezi kuongea na nafasi ya kiti kilichoondoka. Mzee Awiti akatoka na kiti chake. Wilkister akabeba chake kuona kama briketi zake zinafanya kazi vizuri. Baada ya robo saa sebule ilikuwa tupu na koo mbili zimekaa duara kuzunguka nusu ya pipa. Mambo yote yaliyokuwa yazungumzwe yakazungumziwa hapo, na yaliisha mapema, kwa sababu kila Njau akisimama kuhutubu upepo ulimletea moshi mdomoni.

Wazee wawili walipokezana spana.

"Unamzungusha mpaka lini?" Mzee Awiti akauliza.

"Mpaka aache ubishi."

"Huyu wangu," mzee akamwangalia Okello, "alichukua miaka ishirini na nne."

"Wangu bado," Githinji akasema, na Tabby, aliyekuwa nyuma ya kiti akimpanguza babake jasho na kitambaa kilichofumwa, akamfinya shingo.

*

Saa kumi kifua kikateremshwa. Upande ule ulioungua Githinji aliukata ukatoka mzima kama gamba, akampa Boaz. "Hii ni yako. Umeifanyia kazi." Kilichobaki kilikuwa cha rangi ya udongo wa Thika baada ya mvua, kinatetemeka kisu kikikaribia. Akakata akivuka nyuzi, si kufuata nyuzi, vipande vyembamba, akapitisha ubao wa nyama kutoka kitini. Kila mtu akawa na kazi ya kutafuna. Hata Njau.

Wilkister alitafuna, akafumba macho, akayafungua.

"Baba Tabby, hii si nyama ya kawaida. Inaitwa nini?"

"Hii sasa, mama, ndiyo brisketi."

Taya la Wilkister likasimama.

"Ndiyo nini?"

"Brisketi."

Akaangalia nyama. Akaangalia makaa. Akaangalia nyama. Watu waliona lile neno likisafiri kichwani mwake mpaka Kisumu, likiingia kinuni na kurudi.

"Okello," akasema taratibu.

"Waya," Okello akamwita shangazi yake kwa Kijaluo, akirudi nyuma hatua tatu, "mimi nilisema brisketi. Pole. Nilisema na s."

Wilkister hakuwa na haja naye tena. Alikuwa amegeuka kiti kizima upande wa Njau.

"Mwalimu."

"Naam," Njau akasema, huku macho yake yakitafuta chumvi, iliyokuwa mkononi mwake.

"Ndoa haina kona?"

Aliyeanza kucheka ni Idah; alikuwa ameshikilia tangu saa tano na mbavu zilikuwa zinamwuma. Kisha Mzee Awiti, kicheko cha kuwashwa kwa mkono, kinakohoa kwanza kabla ya kushika. Kisha kila mtu, Wilkister akiwa wa mwisho na wa nguvu zaidi, amemwegemea Njau begani anampiga mgongoni: "Tangu Mugutha ikiwa msitu! Mwalimu, wewe ni mwongo, na tutakuita kila sherehe!" Alipopata pumzi alichukua kipande kingine. "Lakini mseme ukweli. Bila makaa yangu mngekula kiatu."

"Ni kweli, mama," Githinji akasema. "Tungekula kiatu."

Tabby akampa Boaz simu, kwa kuwa ndiye aliyekuwa hana kazi. "Haya, picha! Watu wote. Baba, simama sasa, uje katikati."

Githinji hakusogea. Mkono mmoja ulikuwa bado kwenye spana.

"Picha imepigwa?" akauliza.

"Bado, ndio tunapiga."

"Basi sijaachiliwa."

Wakaangaliana. Tabby akafungua mdomo kubisha, akauacha wazi, kisha akaenda akakaa kwenye mkono wa kiti, kando ya babake. Wengine wote wakaja wakajipanga kumzunguka.

Ile picha sasa iko ukutani, imefunika kalenda ya duka la mbegu. Githinji yuko katikati, mzima, kuanzia viatu mpaka upara: tai begani, kitambaa cha sofa shingoni, uso wote unang'aa mafuta na unaonekana mpaka kovu dogo la nyusi ambalo Tabby anasema hakuwa analijua. Kulia kwake, mahali ambapo Njau alikuwa amesimama akisema neno moja tu la kufunga, upepo uligeuka. Kuna wingu la kijivu, na chini ya wingu, viatu vya kung'aa.

"Hiyo," Tabby huwaambia wageni, "ni baba mkubwa."